Geti la Saa Kumi na Mbili na Nusu

Wachezaji walimwita Komeo, na kama unadhani ni kwa sababu alikuwa beki asiyepitika, umekosea. Beki mzuri alikuwa, hilo halina ubishi. Lakini jina lilitokana na geti. Kila siku ya mazoezi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, si dakika moja kabla wala moja baada, nahodha huyu alilisukuma geti la nondo la uwanja wao, akaingiza komeo, kisha akasimama papo hapo robo saa nzima akiangalia barabarani. Alikuwa akimngoja aliyechelewa, ili amwambie kwa kinywa chake mwenyewe: rudi nyumbani, Jumamosi huchezi.

Sababu hazikusikilizwa. Pancha haikusikilizwa, mvua haikusikilizwa, hata uzazi haukusikilizwa. Kipa wao aliwahi kufungiwa nje wiki mbili mfululizo mkewe alipojifungua mapacha, akakosa mechi mbili, na wenzake wakamtania kwamba angezaa mmoja angekosa moja.

Sheria hiyo ilikuwa ya kocha. Mtu mfupi, mkimya, mwenye tabia ya kukung'uta kalamu kwenye kiganja anapofikiri. Alipokuja, miaka sita kabla, aliikuta timu ya kiwanda cha rangi ikiwa kichekesho cha ligi. Watu walikuja mazoezini kama wanaokwenda kutembelea wakwe, kila mmoja na saa yake. Kwenye mechi waliongoza mpaka dakika ya themanini, halafu wakafungwa mawili ya haraka haraka huku wakitukanana wenyewe kwa wenyewe. Kocha hakupiga kelele. Alinunua saa ya ukutani, akaitundika nje ya stoo ya vifaa, akawaambia kwamba timu inayofungwa dakika za mwisho ni timu isiyojua dakika ni nini. Simu zikaanza kuingia kwenye ndoo. Anayepoteza mpira akaambiwa akimbie kurudi kwanza, lawama baadaye. Kwa mwamuzi akawa anaongea nahodha tu. Na geti likaanza kufungwa.

Kocha mwingine angelifunga mwenyewe. Huyu alimwita nahodha ofisini, akamkalisha, akamwambia, "Geti nikilifunga mimi, ni adhabu. Ukilifunga wewe, ni timu."

Komeo alikuwa na miaka ishirini na minane wakati huo. Baba yake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, bila kuacha neno hata moja la kumwongoza mtu. Maneno ya kocha yalimwingia kichwani na hayakutoka tena. Mchana alichomelea madirisha na milango ya chuma kwenye karakana yake, na hata pale vijana wake wa kazi waliyasikia: mwalimu kasema hivi, mwalimu kasema vile. Mkewe alikuwa akimwambia, "Siku moja utaniita mimi mwalimu kwa bahati mbaya." Alicheka, lakini hakubadilika.

Na sheria ilifanya kazi, tusimnyime mtu haki yake. Msimu wa tatu hawakufungwa bao hata moja katika dakika kumi za mwisho. Timu nyingine ziliwaita Magereza kwa kejeli, halafu zikawa zinawaita hivyo hivyo kwa woga. Ungewaona wakirudi nyuma baada ya kupoteza mpira, watu kumi kwa mkupuo bila mtu kuinua mkono kulalamika, ungejua kuna mtu kawatia adabu. Sasa walikuwa wamebakiza mechi moja. Wakishinda Jumamosi, wanapanda ligi kuu kwa mara ya kwanza tangu kiwanda kijengwe. Komeo alikuwa na miaka thelathini na minne, na goti la kushoto lilikuwa limeshamwambia kwamba hakuna msimu mwingine.

Lakini kuna jambo ambalo geti lile lilimgharimu, na lazima lisemwe mapema, maana bila hilo mengine yote hayana uzito.

Mdogo wake wa tumbo moja alikuwa winga wa timu hiyo hiyo. Walimwita Kishada, kwa vile alivyokuwa mwepesi kama kishada cha karatasi hewani, na asiyejulikana atakapoelekea. Miaka miwili kabla, wiki ambayo klabu moja kubwa ilikuwa imetuma mtu kuja kumtazama, Kishada alifika getini saa kumi na mbili na dakika thelathini na nne. Alikuja mbio, shati limelowa jasho. Yeye ndiye aliyekuwa akiishi na mama yao, na alfajiri ile presha ilikuwa imempanda, akamkimbiza zahanati.

"Kaka, ni mama," alisema, akishika nondo za geti. "Anaendelea vizuri sasa. Nifungulie."

Komeo alitazama saa ya ukutani. Halafu akatazama kucha zake.

"Saa ni saa," alisema. "Rudi ukakae na mama."

Jumamosi ile Kishada alitazama mechi akiwa jukwaani. Yule mtu wa klabu kubwa aliandika jina la winga mwingine, akaondoka naye. Kishada hakurudi tena mazoezini. Alijifunza kupanga vigae, na tangu hapo ndugu hawa wawili wakawa wanaongea habari za dawa za mama tu. Ameshameza? Ameshameza. Zimebaki ngapi? Za wiki. Basi.

Komeo aliumia, asikudanganye mtu. Kuna siku alikuwa akichomelea dirisha na kusahau anachomelea nini. Lakini kila alipotaka kujilaumu alikuwa na pa kushika: sheria ni sheria kwa wote. Kama angemfungulia nduguye, wale wengine wote waliowahi kurudishwa wangekuwa wameonewa. Hilo ndilo lililomwezesha kulala. Alikuwa amemtoa sadaka mdogo wake, lakini alimtoa kwa ajili ya kitu cha kweli.

Sasa, Alhamisi ile kabla ya mechi ya mwisho, Komeo alifunga geti kwa wakati wake na kusimama. Barabarani palikuwa kimya. Muuza magazeti alikuwa akipanga meza yake. Saa kumi na mbili na dakika thelathini na sita, pikipiki ilisimama kwenye kona, na mshambuliaji wao akateremka.

Huyu walimwita Sukari. Alikuwa amefunga mabao kumi na tisa msimu ule, na bila yeye mechi ya Jumamosi ilikuwa sawa na kwenda shambani bila jembe. Komeo alimwona Sukari akitazama geti lililofungwa, akisita kidogo, kisha akigeuka taratibu na kuingia kichochoro kilichopita ubavuni mwa ukuta. Hakuja kubembeleza. Hakuita hata jina.

Komeo alimheshimu kwa hilo. Alikaribia kutokwa na machozi. Alijisemea, huyu ni mwanamume, kakubali kosa lake. Akaanza kupanga kichwani jinsi ya kuwaambia wenzake kwamba watacheza bila Sukari na lazima wapige moyo konde. Alimaliza robo saa yake, akatembea kuelekea uwanjani akichechemea kidogo kwa lile goti, na alipopita kona ya stoo akamwona Sukari katikati ya duara, amevaa kizibao cha njano, anapasha misuli moto.

"Shikamoo, kapteni," Sukari alisema. Viatu vyake vilikuwa na tope bichi mpaka kwenye kamba, na uwanja ulikuwa mkavu.

Komeo aliwatazama wengine. Watu ishirini na mbili, na kila mmoja ghafla alikuwa na kazi na kamba za viatu vyake. Kipa, baba wa mapacha, ndiye peke yake aliyemtazama usoni, na macho yake hayakuwa na mshangao wowote. Yalikuwa na huruma. Hiyo ndiyo iliyomtisha.

Aliwaacha hapo, akafuata alama za tope mpaka mlango wa stoo, akaingia.

Mwanamke aliyefua jezi za timu walimwita Shangazi, wakubwa kwa wadogo. Alikuwa ameinama juu ya beseni, anasuuza soksi. Stoo yake ilikuwa na mlango wa kuingilia upande wa uwanja, na nyuma ya rafu za mipira kulikuwa na mlango mwingine wa mbao, alioutumia kumwaga maji machafu kichochoroni. Komeo alikuwa akiuona mlango ule kwa miaka sita, kama mtu anavyouona ukuta. Leo kizingiti chake kilikuwa na tope la nyayo.

"Shangazi, Sukari kapita hapa?"

Shangazi alikamua soksi mpaka tone la mwisho. "Mwanangu, mimi ni mfua nguo."

"Kapita hapa?"

"Kapita."

"Nani kamfungulia?"

"Nani mwenye funguo za humu zaidi yangu na kocha? Nimefungua mimi. Niliambiwa nifungue." Alijifuta mikono kwenye kanga. "Saa kumi na mbili na nusu ukifunga kule, mimi nafungua huku. Robo saa unayosimama wewe getini, ndiyo robo saa yangu hapa mlangoni."

"Tangu lini?"

Shangazi alivuta kigoda, akamsukumia, lakini Komeo hakukaa.

"Tangu mwaka wa kwanza," Shangazi alisema. "Si kila mtu. Kocha anatuma jina. Fulani akichelewa, apite. Fulani akichelewa, mwache aende getini kwa kapteni. Wenyewe wanajua nani ni nani."

"Wanajua wote?"

"Wote, mwanangu. Ila wewe. Walikuwa wanakuonea huruma, ndiyo maana hakuna aliyekutania hata siku moja."

Miaka sita, timu inayomtania mtu kwa kuzaa mapacha, haijawahi kumtania yeye kuhusu geti. Alikuwa akidhani ni heshima.

Ofisi ya kocha ilikuwa chumba kidogo chenye meza, birika la umeme na ubao mweupe wenye sumaku kumi na moja. Sumaku ya Sukari ilikuwa mbele, mahali pake. Kwa hiyo hakuna aliyefikiria kumwondoa. Kocha aliinua macho, akaona uso wa nahodha wake, akaweka kalamu chini. Hakujifanya hajui.

"Funga mlango," alisema.

"Mlango upi, mwalimu? Maana nimeona iko mingi."

Kocha alimwonyesha kiti. "Kaa."

"Nitasimama. Nimezoea kusimama."

"Haya. Utanisikiliza au umekuja kugomba?"

"Nimekuja kujua kama mimi ni mjinga, au nilifanywa mjinga. Ni vitu viwili."

Kocha aliichukua tena kalamu, akaikung'uta kiganjani, mara tatu, mara nne. Alipoanza kuongea alitumia sauti ile ile ya upole aliyoitumia siku zote, na Komeo akagundua kwamba hata sasa masikio yake yanaisikiliza kwa utii, kama mtu aliyezoea kusimama akisikia filimbi.

"Nilipokuja hapa nilikuta wachezaji ishirini na tatu wanaomchukia kila kocha," alisema. "Kocha aliyetangulia naye walimchukia. Timu inayomchukia kocha haichezi, inamsubiri aondoke. Nikasema, wawe na mtu mwingine wa kumkasirikia. Mtu wa ndani, anayekimbia nao, anayetoka jasho nao. Aliyerudishwa alikukasirikia wewe, wiki iliyofuata akakuona unaumia goti kwa ajili yake, akakusamehe. Hivyo ndivyo timu inavyoshikana. Mimi nisingeweza kuwapa hicho."

"Na mlango wa stoo?"

"Mfungaji wa mabao huwezi kumfungia nje, bwana. Utashindwa. Ukishindwa, hakuna atakayeijali sheria. Nidhamu ni kwa ajili ya wale wanaoihitaji. Wengine unawaachia upenyo, kimya kimya, ili ukuta usimame."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungelifunga vile unavyolifunga kama ungejua?" Kocha alimtazama, na kusema kweli alimtazama kwa upendo. "Uso wako ndio uliokuwa sheria. Watu walikuwa wakikuona pale, hata wale waliopita nyuma, wanaona aibu. Wanachelewa mara moja kwa mwaka, si kila wiki. Nilihitaji mtu mmoja anayeamini kabisa. Mmoja tu. Na tazama, tuko mechi moja kutoka ligi kuu."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Miaka sita alivishwa kilemba cha ukoka, akatembea nacho barabarani kifua mbele, na waliokuwa wakimwona wote wanajua ni nyasi. Komeo alitaka kupindua ile meza. Alitaka kulia. Kilichomtoka kilikuwa swali moja, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko alivyotaka.

"Na mdogo wangu?"

Kocha aligeuza macho kwa mara ya kwanza.

"Mdogo wako nilimfungulia," alisema. "Nilimtuma Shangazi amfuate kichochoroni. Winga kama yule, na mtu wa klabu kubwa anakuja? Angeingia, wewe ungemkuta ndani, na mchezo wetu ungekwisha siku hiyo. Nililijua hilo. Nilikuwa tayari kukuvunja moyo. Yeye ndiye hakuwa tayari."

"Unamaanisha nini?"

"Kamuulize mwenyewe."

Hakufanya mazoezi siku ile. Alitoka nje, akafungua geti, akaliacha wazi, na hakuna aliyemuuliza anakwenda wapi.

Kishada alikuwa kazini katika nyumba mpya isiyo na madirisha bado, ghorofa ya kwanza, bafuni. Amepiga magoti, pimamaji ubavuni, anapigapiga kigae kwa nyundo ya mpira mpaka kikae sawa. Alikuwa amenenepa kidogo kiunoni. Miguu ile iliyokuwa ikiwachosha mabeki wa ligi nzima ilikuwa imejikunja chini yake, imejaa vumbi la saruji. Alipomwona kaka yake mlangoni, saa tatu asubuhi ya siku ya mazoezi, alishtuka.

"Mama?"

"Mama hajambo. Nimetoka uwanjani."

Kishada alirudi kwenye kigae chake. "Leo si Alhamisi? Watakufungia."

"Nimejua habari ya mlango wa stoo," Komeo alisema.

Nyundo ilisimama. Kishada hakugeuka, lakini mabega yake yalishuka kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Nani kakwambia?"

"Kocha anasema siku ile alikufungulia. Anasema Shangazi alikufuata."

"Alinifuata."

"Ukakataa."

"Nikakataa."

"Mtu wa klabu kubwa anakuja, umri ule, miguu ile. Mlango uko wazi. Kwa nini hukuingia?"

Kishada alichukua kitambaa, akafuta saruji kwenye vidole, kimoja kimoja. Alikuwa ameingoja siku hii miaka miwili, na sasa ilipofika ilionekana kama inamchosha.

"Ningeingia ungenikuta ndani," alisema. "Wewe hukujiona siku ile, kaka. Mimi nilikuona. Ulivyotazama saa, halafu ukatazama kucha ili usinitazame mimi. Nikasema, huyu hanifungii kwa kiburi. Huyu kaamini kabisa. Baba kafa, hana mwingine, kamshika huyu kocha kama baba. Nikipita kule nyuma, kesho atakuwa hana baba tena, na atajua kwamba wote aliowahi kuwarudisha aliwarudisha bure." Alitupa kitambaa kwenye ndoo. "Nikaenda zangu nyumbani. Usidhani mimi ni malaika. Nilikuchukia. Yule winga mwingine nikimwona kwenye televisheni, siku hiyo nakuchukia mpaka jioni."

Komeo alipiga hatua moja ndani, akakanyaga kigae kipya bila kukiona. Miaka miwili alikuwa akijiona ndiye aliyetoa sadaka, na kumbe sadaka ilitolewa upande wa pili wa geti, kwa ajili yake, na mtu aliyemwambia arudi nyumbani.

"Ungeniambia," alisema. "Hata baadaye. Miaka miwili, Kishada. Tunaongea habari za vidonge tu. Ungeniambia."

"Ungeniamini?"

Hapo Komeo alifungua kinywa, na neno lililokuwa tayari lilikuwa ndiyo. Halikutoka. Alijiona waziwazi, kama anatazama mtu mwingine: mdogo wake anamwambia kuna mlango nyuma ya rafu za mipira, na yeye anainuka kwa hasira, anakwenda moja kwa moja ofisini, anamwambia kocha kwamba huyu kijana ana uchungu wa kuachwa sasa anakuchafulia jina. Angemshtaki. Angeomba radhi kwa niaba ya familia. Na kocha angekung'uta kalamu, angesema kwa upole, msamehe, ni mdogo wako.

Chini barabarani lori la mchanga lilikuwa likirudi nyuma, na mtu akilipigia kelele lisimame.

"Nisingekuamini," alisema.

"Najua," Kishada alisema. Alichukua kigae kingine, akakipaka saruji mgongoni, akakipima kwa jicho. "Toka hapo ulipokanyaga, kaka. Hicho bado hakijashika."